Ustawi wa jamii Kigoma: huduma iko mezani, mwenye shida yuko ng'ambo ya Malagarasi

Muulize mtu yeyote pale Mwanga au Gungu, mjini Kigoma, ofisi ya ustawi wa jamii inafanya kazi gani. Atakujibu bila kusita: ni pale wanawake wanapokwenda kuwashtaki wanaume wasiotoa matunzo. Wapo wanaume wanaoiogopa kuliko kituo cha polisi, maana polisi mtu anaweza kutoka kwa dhamana jioni ileile, lakini faili la matunzo linamfuata mpaka mtoto afikishe miaka 18. Jibu hilo ni la kweli, ila linagusa kipande kidogo cha kazi yenyewe.

Ofisi hiyohiyo ndiyo inayoandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii pale mahakama inapotaka kujua mtoto akae na baba au na mama. Ndiyo inayosimama na mtoto aliyekinzana na sheria ili asihojiwe peke yake kama mtu mzima. Inakagua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na makao ya watoto. Inawatambua wazee wasio na uwezo ili watibiwe bila malipo. Inatafuta familia ya kumpokea mtoto aliyeachwa, inamrudisha kwao aliyetoroka au kupotea, inawakalisha wanandoa wazungumze kabla hawajafikia talaka, na inawaunganisha watu wenye ulemavu na vifaa saidizi wanavyohitaji. Kazi yote hiyo, kwa wilaya nzima, huangukia maafisa wachache, na wengine hawana hata pikipiki.

Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliyemo katika eneo lake. Sheria haikusema mtoto aliyefikishwa ofisini. Imesema aliyemo katika eneo. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu kwa mkoa kama wetu huduma ya ustawi wa jamii ni safari kwanza. Afisa asipokwenda kwa mwenye shida, inayobaki ni kusubiri mwenye shida aje, na wanaoweza kuja ni wale wenye nauli, wenye afya na wenye ujasiri wa kuaga nyumbani wakasema wanakokwenda.

Chukua ramani. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane na, kwa Sensa ya 2022, watu 2,470,967. Halmashauri ya Uvinza makao yake makuu yako Lugufu, bara kabisa, ilhali kata zake za Igalula, Buhingu na Kalya ziko kusini, zimejipanga kandokando ya ziwa. Mama wa Kalya anayetaka kuonana na afisa ustawi wa wilaya yake ana njia mbili. Apande boti mpaka Kigoma mjini kisha atafute gari la kumrudisha upande wa Uvinza, au afuate barabara ya vumbi ya Ilagala, avuke mto Malagarasi, aombe mvua isimkute njiani. Kwa njia yoyote atalala safarini. Watoto amwachie nani? Na kama anakwenda kumlalamikia mume, mara nyingi fedha ya nauli iko kwenye mfuko wa huyohuyo anayelalamikiwa.

Watu wa mjini huona kero hii kuwa ya wenzao wa mbali. Lakini hata Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambako mtu anaweza kupanda bajaji mpaka ofisini, kazi haiishii ofisini. Mtoto anayedaiwa kuteswa na mama wa kambo huko Kasingirima haelezi alivyoteswa akiwa amekaa kwenye benchi mbele ya wageni. Ni mpaka afisa afike nyumbani, aone anapolala, aulize jirani, apite na shuleni kwa mwalimu wa malezi. Ziara moja ya namna hiyo hugeuza shauri zima, na ndiyo ya kwanza kufutwa mafuta yanapokosekana.

Kwa nini mafuta yanakosekana? Hapa inabidi tuingie ndani ya halmashauri kidogo, na msomaji anivumilie, maana ndipo tatizo lilipo.

Afisa ustawi wa jamii ana mabwana watatu. Sera anaipata kutoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyoundwa Januari 2022. Kabla ya hapo mambo yake yalikuwa pamoja na ya afya. Kiutumishi yuko chini ya TAMISEMI, kwa mkurugenzi wa halmashauri. Na ndani ya halmashauri amewekwa kwenye divisheni ya afya, ustawi wa jamii na lishe, ambako mkuu wake ni mganga mkuu wa wilaya. Siwalaumu waganga wakuu. Mtu mwenye zahanati isiyo na dawa na wodi ya wazazi isiyo na maji, akigawa fedha, ataanza na dawa na maji. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba ustawi wa jamii unasubiri makombo kila mwaka, na wizara inayoudai taarifa haina sauti kwenye kikao kinachogawa fedha.

Mshahara wa afisa unatoka Hazina, kwa hiyo ajira yake iko salama. Safari yake ndiyo inayotegemea fungu la uendeshaji liitwalo matumizi mengineyo, na mapato ya ndani, yaani ushuru wa dagaa, wa mazao, wa soko na wa stendi. Mapato yakishuka, kinachokatwa ni kile ambacho hakuna atakayekuja kukidai.

Sasa linganisha na mikopo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya marejesho na vikundi hewa, ikarudi mwaka uliofuata ikiwa na utaratibu mpya. Mikopo hiyo naiunga mkono. Ninachosema ni kwamba mwanamke mwenye kikundi na katiba ya kikundi ana asilimia yake inayolindwa na sheria, na diwani anaweza kuinuka barazani akaiuliza. Mwanamke huyohuyo akipigwa usiku mpaka akakimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji hana asilimia yoyote iliyotajwa popote. Anategemea huruma ya bajeti.

Pengo hilo kwa muda mrefu limezibwa na miradi. Mwaka 2017 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianzisha Programu ya Pamoja kwa ajili ya Kigoma, na kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto kulikuwa miongoni mwa mambo yake. Mwaka huohuo taifa lilianza kutekeleza MTAKUWWA, mpango wa kutokomeza ukatili huo, uliounda kamati za ulinzi kuanzia taifa mpaka kijiji na mtaa. Watu walifunzwa, mafaili yakapata mpangilio. Lakini tabia ya mradi tunaijua: pikipiki hutembea mwezi ambao mradi umelipia mafuta. Kamati ya kijiji hukaa pale posho ya kikao inapokuwapo. Ukipita mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa, ukauliza kamati ilikaa lini mara ya mwisho, mtendaji wa kijiji anaanza kutafuta daftari.

Nirudi kwenye matunzo, maana ndiyo yanayojaza benchi za ofisi zile, na ndipo naona mawazo yetu yamechoka zaidi.

Kabla ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alitegemea sheria ya tangu enzi za mkoloni iliyompangia matunzo ya shilingi 100 kwa mwezi. Fedha hiyo, miaka ya mwisho ya sheria ile, haikununua hata kipande cha sabuni. Sheria mpya ikaondoa kiwango. Sasa mahakama inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watu wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Hiyo ni hatua kubwa. Tatizo ni kwamba maafisa, na mahakimu pia, wameendelea kuandika matunzo kana kwamba kila baba ni mwalimu au karani: kiasi fulani, kila mwezi, tarehe fulani.

Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga hana tarehe. Ana giza. Usiku wa giza ndipo taa zinapowashwa ziwani na dagaa kufuata mwanga. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi inavutwa pwani, watu wanashona nyavu na kukopa. Akitoka ziwani hapewi mshahara, anapewa mgawo, tena baada ya kuondoa mafuta, chakula na sehemu ya mwenye chombo. Giza moja anaweza kurudi na fedha ya kulisha nyumba mbili. Giza linalofuata anarudi na deni. Ukimwandikia shilingi 50,000 kila tarehe tano, umeandika mkataba utakaovunjika mwezi wa pili. Akishauvunja mara moja anaona aibu, anahamia mwalo mwingine, na mtoto anakosa hata kile kidogo ambacho baba alikuwa tayari kutoa.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Sababu ilikuwa ya msingi. Anayekumbuka migebuka ya zamani anajua ziwa limechoka. Lakini makubaliano ya matunzo yaliyosainiwa mwezi Machi yalibaki vilevile kwenye faili, yakidai kila mwezi fedha ambayo haikuwa ikiingia. Mjadala ulikuwa wa boti, nyavu na kipato cha wavuvi. Watoto wanaolelewa kwa kipato hicho, walio kwenye nyumba ambamo mvuvi hakai, walihitaji kutajwa humohumo.

Hakuna sheria inayomzuia afisa ustawi kuandika makubaliano yanayofuata giza. Iandikwe kwamba baada ya kila mgawo sehemu fulani inakwenda kwa mtoto, na mwenye chombo au kiongozi wa mwalo ashuhudie. Iandikwe kwamba giza likiwa baya, baba atapeleka dagaa, mchele au mawese kwa kiasi kilichotajwa, na daftari na sare zitalipwa wakati wa msimu mzuri. Itumwe kwa simu, ili kila malipo yaache kumbukumbu, badala ya mama kuja ofisini kila mara kupokea fedha mbele ya watu na kusaini daftari. Wapo maafisa wanaofanya hivi kwa akili zao wenyewe. Wangepewa mwongozo, ingekuwa desturi ya ofisi nzima.

Upande wa juu, Buhigwe, Kasulu, Kibondo, shida ni nyingine. Huko mwanaume akibanwa na maisha anateremka kwenda Tabora, msimu wa tumbaku, kuuza nguvu kwenye mashamba ya Urambo na Kaliua. Safari hiyo ina historia. Babu zake walisombwa kwa treni kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, wakaacha wake zao Uha wakilima peke yao miaka na miaka, wengine hawakurudi. Mjukuu anakwenda karibu zaidi na ana simu mfukoni, lakini kwa mama aliyebaki Muyama na watoto wanne, umbali unaweza kuwa uleule. Afisa wa Buhigwe anaandika barua kwa mwenzake wa Kaliua. Ni halmashauri nyingine, mkoa mwingine, bajeti nyingine. Yule wa Kaliua naye ana benchi lake limejaa, na mlalamikiwa hana anwani zaidi ya jina la mkulima aliyemwajiri. Barua ikipotea, hakuna anayewajibika, kwa sababu halmashauri iliyoituma imeshahesabu kwamba imefanya kazi yake.

Mikoa hii miwili inapaswa kukaa pamoja. Vyama vya msingi vya tumbaku vinawajua wanachama wao, na wakulima wanawajua vibarua wao. Sekretarieti za mikoa ya Kigoma na Tabora zikikubaliana kwamba barua ya ustawi wa jamii ikivuka mpaka ijibiwe ndani ya siku kadhaa, hata kama jibu ni kwamba mtu hajaonekana, mama wa Muyama atajua asubiri au aende mahakamani.

Hapo kwenye kwenda mahakamani kuna jambo ambalo linapaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya ustawi. Makubaliano mnayosaini mbele ya afisa ni makubaliano. Hayana nguvu ya amri ya mahakama. Akiyavunja, afisa hawezi kumkamata wala kumkata fedha; anaweza kuita tena, kusema naye tena, kisha kuandika taarifa. Kinamama wengi wanakaa miaka wakirudi kwenye benchi lilelile wakiamini hatua inayofuata iko palepale, kumbe hatua inayofuata iko mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewapa wasaidizi wa kisheria nafasi ya kumwongoza mtu kama huyo bila malipo. Afisa anayemwambia hivyo mapema, badala ya kumrudisha nyumbani kila wiki na barua nyingine ya wito, amemsaidia zaidi.

Wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na inataka wasio na uwezo watibiwe bure. Utekelezaji wake una mlolongo: mtendaji wa kijiji anathibitisha, ustawi wa jamii anaidhinisha, kituo cha afya kinapokea. Mlolongo ukifanya kazi, mzee anaonyesha kitambulisho na dirisha la wazee linamhudumia. Ukikatika mahali pamoja, mzee anafika hospitali ya Maweni kwa rufaa, amechoka na safari, anaulizwa barua. Afisa ustawi aliyeko hospitalini ana uwezo wa kumsikiliza na kumsamehe malipo, na wengi wao hufanya hivyo kwa upole. Lakini inamaanisha kwamba mjane wa Kalinzi aliyetambuliwa kijijini kwake anaanza kueleza umaskini wake upya, mbele ya mtu asiyemfahamu, kwa Kiswahili cha kubahatisha kwa sababu maisha yake yote yamekuwa ya Kiha. Wako watumishi wetu hodari waliotoka mikoa mingine, na hawana kosa kutojua Kiha. Halmashauri ndiyo inayopaswa kuhakikisha yuko mtu wa kumsaidia mzee kueleza, mtu mzima na mwaminifu, ili asitafsiriwe na mjukuu wa miaka tisa mambo ya mwili wake.

Kuna hili la kamchape, yaani kusaka wachawi, na halipiti kirahisi. Miaka ya karibuni vijiji vya mkoa wetu vimesumbuliwa na waganga wa rambaramba wanaozunguka wakidai kufichua wachawi, wakiingia majumbani, wakitoza watu fedha. Wanaonyooshewa vidole kwa kiasi kikubwa ni wazee. Polisi wakija, wanashughulika na walioleta vurugu, na ndivyo inavyopaswa. Gari la polisi likiondoka, mzee aliyetajwa anabaki. Jirani hampi tena moto, wajukuu wanakatazwa kula kwake, na shamba lake, ambalo mara nyingi ndilo chanzo cha maneno yote, linaanza kulimwa na mwingine. Nani anakwenda kukaa na ukoo huo wiki ya pili na ya tatu? Kwa mujibu wa majukumu yake ni afisa ustawi. Sijui kazi iliyo muhimu kuliko hiyo katika wilaya, na haiwezi kufanywa kwa barua ya wito.

Kwa watoto waliofanyiwa ukatili, njia za kutoa taarifa zipo na zinafahamika kuliko zamani. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Namba 116 inapigwa bure. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa. Mtihani unaanza jioni. Mtoto wa kike ametolewa nyumbani kwa sababu anayemdhuru anaishi humo, saa kumi na mbili imefika, alale wapi? Mahali pengi hakuna nyumba salama, na maafisa wa kike wamekuwa wakiwachukua watoto hao kwenda kulala nao majumbani mwao. Ni moyo mkubwa, na ni hatari kwa wote wawili, maana mtuhumiwa anajua afisa anakoishi.

Watu wakisikia hivyo hukimbilia kusema tujenge makao. Mimi sioni kwamba jengo ndilo jibu la kwanza kwa Kigoma. Sheria na taratibu zetu zinaruhusu familia za kuaminika: kaya iliyochunguzwa, ikafunzwa, ikaorodheshwa, inayompokea mtoto kwa siku chache au wiki chache mpaka shauri lipate mwelekeo. Watu wa mkoa huu wanajua kupokea. Walipokea Warundi mwaka 1972 na tena 1993, wakapokea Wakongomani mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, na kabla mahema hayajafika kuna walioanza kwa kulala sebuleni kwa watu. Kinachohitajika ni kwamba familia kumi au kumi na tano katika kila wilaya ziandikwe, afisa azitembelee, na ziwe na uhakika kwamba mtoto akiletwa saa mbili usiku, unga na mafuta ya kupikia vitarudishwa na halmashauri asubuhi bila kuzungushwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya msingi wa jengo.

Na nimetaja Nyarugusu. Kwa miaka mingi mtoto aliye peke yake ndani ya kambi amekuwa na mhudumu wa kesi anayemjua kwa jina na kumtembelea, kwa sababu mashirika yaliweka utaratibu huo. Mtoto wa kijiji cha Makere, nje tu ya kambi, akipata shida ileile hana mtu wa aina hiyo. Sisemi wa ndani wapunguziwe. Utaratibu umeshaonekana kuwa unawezekana katika ardhi hii hii, kwenye mvua hii hii na barabara hizi hizi, na umewafunza vijana wengi wa Kasulu na Kibondo waliofanya kazi humo. Misaada ya kambi inapopungua, vijana hao wanarudi mtaani na vyeti vyao. Halmashauri zingewatumia.

Nikirudi kwenye safari, maana bila hiyo yote haya ni maneno. Halmashauri zetu tayari zina njia ya kufika Kalya, Buhingu na vijiji vya mpakani Manyovu. Inaitwa huduma ya mkoba. Wahudumu wa chanjo na kliniki ya watoto wanakwenda huko kwa ratiba, kwa gari, kwa pikipiki au kwa boti, na akina mama wanajua siku yao. Afisa ustawi apewe kiti kwenye safari hiyo. Muuguzi akipima uzito, afisa akae chini ya mwembe mwingine, mbali kidogo ili watu wazungumze kwa faragha, na awe na daftari lake: matunzo, wazee wa kutambuliwa, mtoto mwenye ulemavu aliyefichwa ndani, kaya ambayo mtoto hakuletwa kupimwa na hakuna anayesema kwa nini. Kwa kuwa mganga mkuu ndiye bosi wa wote wawili, hahitaji kibali cha mtu mwingine. Mwanamke anayekwenda kliniki na mtoto mgongoni haulizwi na mume anakwenda wapi, na hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Wapo watakaosema afisa mmoja hawezi kuwa kwenye mkoba na pia kuwa ofisini na mahakamani. Ni kweli, hawatoshi, na ajira za ngazi ya kata zinapaswa kudaiwa kila mwaka. Lakini uchache huo unanipa sababu zaidi ya kutaka ratiba. Mahakama ikijua kwamba wiki ya pili ya mwezi afisa yuko ziwani, haitapanga mashauri ya watoto wiki hiyo. Watu wa mjini nao watazoea kama walivyozoea siku za kliniki.

Kuhusu fedha, naomba madiwani wafanye jambo moja kwenye kikao cha bajeti. Katika kitabu cha bajeti watafute mstari wa ustawi wa jamii kwenye mapato ya ndani, wasome kilichotengwa mwaka uliopita, kisha waulize kilichotoka. Mara nyingi swali la pili ndilo lenye majibu magumu kuliko la kwanza. Wakishapata tarakimu hiyo, waigawe kwa idadi ya kata zao, waone kila kata imepata lita ngapi za mafuta kwa mwaka mzima, na waiweke hesabu hiyo kwenye muhtasari wa kikao ili mkaguzi na wananchi waisome. Halmashauri itakayotenga hata nusu ya asilimia ya mapato yake kwa safari za ustawi wa jamii, na kuitoa kila robo mwaka kabla ya posho za vikao, itakuwa na la kuonyesha mwaka unaofuata: kaya zilizofikiwa, mashauri yaliyofungwa, wazee waliotambuliwa, na vijiji ambavyo afisa hakufika, pamoja na sababu ya kutofika.